Ndoo Mbili Ndani ya Fungu la Mchicha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anyes alipanga foleni na mama yake kwenye pampu ya mkono iliyo nyuma ya ghala la pamba, pale Ngulyati. Mama Anyes alikuwa na bustani ya mchicha, na mchicha, muulize yeyote aliyewahi kuulima, ni zao lisilojua kusubiri. Asubuhi walibeba ndoo saba za kumwagilia, jioni ndoo saba nyingine. Siku za soko mama alifunga mafungu yake, akayapeleka Bariadi mjini, na mara nyingi alirudi na kapu tupu.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Ilipofika mwisho wa Oktoba pampu ilikuwa inakohoa tu, na watu walianza kutazamana vibaya kwenye foleni. Kila mmoja aliamini kwamba anayemaliza maji ni jirani yake.

Ndipo Mwalimu Klementina, aliyehamia pale kutoka Kagera na kufundisha sayansi darasa la sita, alipoingia darasani ameshika kitumbua.

"Humu ndani mna maji kiasi gani?" aliuliza.

Wanafunzi walicheka. Kitumbua kilikuwa kikavu.

"Mchele ulioshwa, ukalowekwa, ukasagwa," mwalimu alisema. "Sufuria na vyombo vikaoshwa. Hata kabla ya hapo mpunga ulisimama ndani ya maji jarubani. Hayo yote yamo humu, ila hatuyaoni. Shati lako, Anyes, nalo limekunywa. Tofauti ni kwamba pamba ya kwetu hunywa mvua, haipangi foleni kwenye pampu. Mimi nataka tujue vitu gani vinapanga foleni."

Akawapa kazi. Kila mmoja achague kitu kimoja kinachotengenezwa au kulimwa nyumbani kwao, ahesabu ndoo zake kwa siku saba bila kukosa hata moja.

Anyes alikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira, na uenyekiti huo aliubeba kichwani kama ndoo iliyojaa. Alikuwa amewakemea wenzake mara nyingi kwa kuchezea maji. Kazi hii aliianza kwa bidii: kila ndoo iliyokwenda bustanini alitia punje moja ya mahindi kwenye kopo. Siku ya saba alizimwaga punje mkekani, akazihesabu. Zilikuwa tisini na nane. Alihesabu tena polepole, akidhani amekosea. Tisini na nane. Wiki hiyo mama alikuwa amevuna mafungu hamsini hivi, kwa hiyo kila fungu, lile jembamba la kushikwa kwa kiganja, lilikuwa limekunywa karibu ndoo mbili.

Uso ulimwaka. Yeye, mwenyekiti, atasimamaje mbele ya darasa na kutaja namba hiyo? Alitazama huku na huku, akachota punje sabini na kuwatupia kuku. Kuku hawakuuliza maswali. Kwenye daftari aliandika ndoo ishirini na nane.

Kesho yake kila mmoja alisoma namba yake. Nyingi zilikuwa chini ya thelathini. Kisha akasimama Kija, rafiki yake Anyes, ambaye mama yake aliuza chai na vitumbua kando ya barabara.

"Arobaini na tano," Kija alisema.

Darasa liliguna, wengine wakacheka. Anyes naye alicheka kidogo.

Mwalimu alibandika namba zote ukutani ili wiki inayofuata wajadili namna ya kuzipunguza. Lakini habari haina miguu ila hufika. Mzee Mabula, mwenyekiti wa kamati ya maji, alizisikia, akaja kuzinakili kwenye karatasi yake. Jumamosi aliitisha kikao pale kwenye pampu. Alimsifu Mama Anyes kwa kulima mchicha kwa ndoo chache. Kisha akatangaza kwamba, hadi mvua zinyeshe, Mama Kija atachota ndoo tatu tu za biashara kwa siku. Akitaka zaidi, akachimbe mchangani mtoni.

Mama Anyes aliinamisha kichwa. Anyes alitazama vidole vya miguu yake.

Mto ulikuwa mbali. Kuanzia Jumatatu Kija alikwenda huko alfajiri, akachimba mchanga, akasubiri maji yajikusanye, akayateka kwa kikombe. Shuleni alifika kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha, magoti yana vumbi, na ilipofika saa nne alikuwa anasinzia. Mitihani ya kufunga mwaka ilikuwa imebaki wiki tatu. Anyes alimpa daftari lake anakili masomo, na Kija alipomwambia asante, Anyes alijisikia vibaya kuliko kama angetukanwa.

Alhamisi jioni Anyes alitumwa dukani, akapita mbele ya banda la Mama Kija.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, kama mtoto anavyomwita mama wa rafiki yake.

"Mwadila, mwanangu. Njoo hapa." Mama Kija alimpa kitumbua kwenye kipande cha karatasi. "Leo nimepika vichache, lakini hiki chako. Mwambie mama yako nitakuja anifundishe kubana maji. Mimi nimejitahidi, nimeshindwa. Labda sina akili ya hesabu."

Anyes alikishika kitumbua kile. Alitamani ardhi ipasuke. Hakuweza kukila wala kukitupa. Alirudi nyumbani bila hata kufika dukani, akamkuta mama yake bustanini.

"Mama, nilidanganya," alisema, akaanza kulia. Alieleza yote: punje, kuku, daftari, na kicheko chake darasani.

Mama aliiweka ndoo chini. Anyes akangoja kuchapwa.

"Siku ile kikaoni," mama alisema mwishowe, "nilijua namba ile si yetu. Mgongo wangu unajua ndoo ninazobeba. Lakini nilisifiwa mbele ya watu, nikanyamaza. Kwa hiyo aibu hii ni ya wawili. Jifute uso, twende."

Walikwenda kwa Mama Kija. Yeye aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Haya mkayaseme kwenye pampu," alisema. "Mimi nilihukumiwa pale."

Jumamosi Anyes alisimama mbele ya foleni. Sauti yake ilikuwa ndogo, Mzee Mabula akamtaka arudie, na kurudia ndiko kulikomuuma zaidi. "Mchicha wetu unakunywa ndoo tisini na nane kwa wiki, si ishirini na nane. Nilidanganya. Mama Kija hana kosa." Mtu mmoja nyuma alisonya. Mama Anyes akasogea, akasimama kando ya mwanawe. "Na mimi nilijua, nikakaa kimya," alisema.

Mzee Mabula aliitazama karatasi yake, akaikunja, akasema kwamba hata yeye alipaswa kuhesabu mwenyewe kabla ya kuhukumu. Amri ya ndoo tatu ilifutwa siku hiyohiyo.

Mwalimu Klementina alimwondoa Anyes kwenye uenyekiti. Hakumgombeza, ila alimrudishia daftari apime upya, safari hii Kija akihesabu pamoja naye. Wasichana hao waligundua kwamba Mama Anyes alimwagilia jua likiwa tayari kali, na maji mengi yalikimbilia njiani. Basi wakachimba matuta ya kuzama, yaliyo chini kidogo ya njia ili maji yasikimbie, wakafunika udongo kwa majani makavu, wakaanza kumwagilia mapema sana na jua linapozama. Maji ambayo Mama Kija alioshea mchele, badala ya kumwagwa barabarani, yakaletwa bustanini. Baada ya wiki mbili walihesabu ndoo hamsini na moja za pampu kwa wiki, na mchicha haukunyauka.

Anyes alipeleka namba hiyo kwa Mama Kija mwenyewe.

"Ni ya kweli?" mama huyo aliuliza.

"Ya kweli, mayu. Kija ameihesabu."

"Namba kubwa haikuwa aibu, mwanangu," Mama Kija alisema. "Ungeisema siku ile, tungechimba matuta siku ile. Uliposema uongo, maji hayakupungua hata tone. Ulichofanya ni kuzitoa ndoo zako kichwani na kumtwika mwenzako. Ukipima kitu, pima kwa haki, maana kuna mtu atakayeubeba uongo wako."

Anyes alimgeukia Kija, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la banda, akamwomba msamaha, safari hii bila watu wala foleni. Kija alipapasa magoti yake.

"Magoti yangu bado yanauma," alisema. Kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kukaa.