Hanus Ajifunza Kulingoja Goti

Kila asubuhi Hanus alitia kahawa kikombeni, kisha akachukua darubini yake na kusimama dirishani. Kutoka pale aliuona mlima wote na kondoo wote. Visiwani Faroe wanaume wengi wa makamo hufanya hivyo. Wengine wanawafahamu kondoo wao kuliko wakwe zao.

Lakini mwaka ule darubini ilimletea simanzi. Majira ya kuchipua aliteleza mlimani kwenye majani yenye maji, na kano moja ndani ya goti lake ikakatika. Alipasuliwa, akarudi nyumbani kwa magongo. Daktari alimwambia asipande mlima kabla ya miezi tisa.

"Miezi tisa ni ya wavivu," Hanus alijisemea moyoni.

Hofu yake ilikuwa mwezi wa kumi. Mwezi huo kijiji kizima hushusha kondoo kutoka mlimani. Hanus hupita juu kabisa, kwenye miamba, alikopita baba yake. Kwa miaka thelathini hakukosa hata mara moja.

Mwezi wa saba wenzake walikwenda kukata manyoya. Hanus aliwatazama kwa darubini.

"Mwone Dánjal anavyotembea," alimwambia mkewe, Rannvá. Dánjal alikuwa jirani yao. "Utadhani anakwenda harusini."

"Mwache atembee. Wewe fanya mazoezi yako."

"Nimeshafanya."

"Hayo yalikuwa ya jana, mume wangu."

Rannvá alipokwenda kazini kwenye kiwanda cha samaki, Hanus aliacha magongo mlangoni akachechemea hadi zizini. Alimkamata kondoo mmoja tu. Huyo mmoja alitosha. Jioni goti lilikuwa limeumuka kama mkate.

Tangu siku hiyo aliacha mazoezi. Dánjal alipobisha hodi, Hanus alimtuma mkewe aseme amelala.

"Basi, nimekwisha," alimwambia Rannvá. "Mlima huu sitaupanda tena." Alikuwa anakula nyama kavu huku machozi yakimlengalenga.

Alhamisi alikuja Birita, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyempangia mazoezi yale. Alikuwa msichana mdogo asiyeogopa kusema. Alilikagua goti kwa makini, akalikunja na kulinyoosha taratibu.

"Kano yako ni salama, mzee. Una bahati. Ila umelichokoza goti, nalo limekujibu."

"Binti, nimefanya mazoezi wiki nyingi. Sioni tofauti."

"Unajilinganisha na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Mwaka jana nilifika juu bila hata kuhema."

"Hanus wa mwaka jana hakupasuliwa. Jilinganishe na yule aliyetoka hospitali. Nani alikuwa anamvalisha soksi?"

Hanus alitazama sakafu. "Rannvá."

"Na leo?"

"Nimevaa mwenyewe."

"Na alinung'unika," Rannvá alidakia kutoka jikoni.

"Kunung'unika ruhusa," Birita alisema. "Kila jioni andika jambo moja uliloweza, hata liwe dogo. Fanya mazoezi niliyokupa, usizidishe siku njema, usiache siku mbaya. Likivimba, pumzika, liinue juu ya mto, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Lisiposhuka, nipigie. Na Dánjal akija, mfungulie. Ukijifungia ndani, utauguza goti na moyo pamoja."

"Nina huzuni, binti," Hanus alisema. Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo.

"Najua. Wengi wanaoumia goti huipata. Kusema ni dawa pia."

Hanus alibandika karatasi kwenye mlango wa friji. *Nimeoga nimesimama. Nimeshuka ngazi bila kushika ukuta.* Wiki nyingine aliandika tu, *Sikumtukana Birita.* Dánjal naye alikuja kila Jumapili, akanywa kahawa na kuleta umbea wa kijiji. Vicheko vilirudi mle ndani. Mguu nao ulipata nguvu, haba na haba.

Mwezi wa kumi ulifika. Birita alimruhusu kusimama langoni mwa zizi, mahali tambarare. Hakumruhusu kukimbia wala kukamata mnyama.

"Sasa nani atapita juu?" Dánjal aliuliza.

Neno lilimchoma Hanus, lakini alilisema. "Rannvá. Miguu yake mizuri kuliko yako."

Saa sita mchana kondoo waliteremka, na Rannvá nyuma yao, mashavu mekundu kwa upepo. Hanus alishika lango. Kondoo waliingia mmoja mmoja. Mara dume mmoja mkubwa akageuka, akapita karibu kabisa na mkono wa Hanus, akatimua mbio kurudi mlimani.

Watu wote wakamtazama Hanus. Walimjua. Rannvá aliziba mdomo kwa mkono. Mguu wa Hanus usioumia ulikuwa umeshaanza kwenda. Akausimamisha. Akashika lango kwa mikono miwili, akamsindikiza yule dume kwa macho mpaka kwenye miamba.

"Nenda tu," alisema. "Mwakani nitakufuata mwenyewe."

Watu wakacheka, na Hanus akacheka kuliko wote. Asubuhi iliyofuata alikunja suruali akatazama goti lake. Halikuwa limevimba hata kidogo. Akaweka kahawa jikoni, akaanza mazoezi.