Masizi ya Jikoni kwa Bibi Biasha

Kila alasiri Salama aliporudi shule, alivua sare, akala chakula alichowekewa, kisha akafagia ua wa nyumba yao ya Kongowe, Kibaha. Siku hizi alizoa maranda ya mbao zaidi kuliko majani. Fundi Ambokile alikuwa akigeuza dari yao kuwa chumba. Salama na mdogo wake, Kitwana, wangehamia huko juu, ili chumba chao cha chini apewe Babu Mfaume.

Babu alibaki peke yake kijijini Maneromango, Kisarawe, baada ya Bibi Biasha kufariki. Arobaini ilipopita, nyumba yao ilibomolewa, maana ukuta mmoja ulikuwa umeshalala. Babu akapata hifadhi kwa jirani. Mbao za mninga za paa lake, alizozipasua mwenyewe enzi za ujana wake, zililetwa Kibaha kuimarisha kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Kenchi za Kongowe zilitosha kubeba bati, lakini si vitanda na watoto wasiotulia. Kila moja ingebandikwa mbao ya babu ubavuni.

Jumamosi, Salama alifuatana na baba yake, Mzee Hemedi, na fundi hadi duka la vifaa vya ujenzi.

“Gundi ya mbao si hii nyeupe?” baba aliuliza, akiinua kopo.

“Ni yenyewe, mzee, na kwa makabati ni nzuri sana,” Ambokile alijibu. “Lakini chini ya bati, jua la mchana likiwaka, italegea. Tuchukue hii ya makopo mawili, ya kuchanganya. Ikishakauka, joto haliisumbui, na inajaza hata penye uwazi. Ila haitaki uchafu. Mbao zenu zimekula moshi miaka mingi. Zisipokwanguliwa, gundi itashika masizi, haitashika mbao.”

“Nitazikwangua mimi!” Salama alidakia.

Na kweli alizikwangua. Alikwangua mpaka viganja vikaota malengelenge, huku masizi yakimpaka uso mzima na Kitwana akimcheka. Kazi ilikwenda vizuri hadi alipofikia mbao iliyokuwa juu ya mafiga ya bibi. Hapo ndipo Bibi Biasha alipokuwa akitundika mahindi ya mbegu, moshi uyakinge na wadudu. Alama ya kamba ilikuwa bado inaonekana. Salama aliinama akainusa, na harufu ya jikoni kwa bibi ikamjaa puani. Alilia kwa kwikwi, palepale uani, wala hakuna aliyemwona.

Hakuweza kuikwangua. Aliipitishia msasa juu juu, akaifuta kwa kitambaa hadi ikafanana na zile nyingine.

“Umemaliza zote?” fundi aliuliza kutoka juu.

“Nimemaliza, fundi,” alijibu, macho yake yakiwa chini.

Darini mwanga ulikuwa hafifu, na fundi alimwamini mtoto wa watu. Akapaka gundi, akabana mbao kwa jiliwa, akagongelea misumari. Mbao ile ikakaa juu ya mahali pa kitanda cha Kitwana.

Siku babu alipowasili, alikuwa na begi moja na ungo wa marehemu mkewe.

“Shikamoo, babu,” Salama alisema.

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuwasumbua.”

Amekonda babu! Salama alitamani kumkumbatia, lakini Kitwana alikuwa anaita kutoka juu, akiburuta godoro na kurukaruka kwa furaha. Salama akapanda ngazi. Alipotazama juu, kati ya kenchi na mbao ya bibi aliona ufa mwembamba, mweusi. Kitwana aliporuka tena, ufa ukapanuka.

Akisema, babu atakosa chumba na mbao ya bibi itakwanguliwa. Asiposema, usiku huo mdogo wake atalala chini ya mbao hiyo.

“Kitwana, shuka! Shuka sasa hivi!” alipiga kelele. Kisha akashuka naye na kueleza yote, mbele ya baba na babu.

Usiku ule walibanana wote chini. Asubuhi Ambokile alikuja, akaichokonoa mbao kidogo tu, ikabanduka. Gundi ilikuwa imebeba masizi, imeiacha mbao. Misumari iliyopinda ilichomoka kwa ghafla, mbao ikamponyoka fundi, ikaanguka sakafuni na kupasuka kati, kwenye alama ya kamba. Haikufaa tena kwa kenchi.

“Salama,” fundi alisema kwa masikitiko, “gundi inahitaji ubavu mmoja tu. Ungeniambia, huu mwingine tungeuacha na masizi yake, ukaunusa kila usiku.”

Salama alikaa chini, akalia kama siku ya mazishi. Baba alifungua mdomo agombe, lakini babu alimzuia kwa mkono.

“Ulitudanganya, na nusura mdogo wako aumie,” babu alisema. “Hilo ni kosa, sitalipamba. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa na msiba wako peke yako. Mjukuu wangu, jambo likikulemea, liseme. Tungemlilia pamoja, na mbao hii ingekuwa nzima.”

“Nisamehe, babu. Nisamehe, fundi.”

Ambokile aliziba pengo kwa mbao mpya, akapiga kila kenchi kwa nyundo, na zote zikaitika vizuri. Jioni vitanda vilipandishwa.

Babu aliomba apewe kipande kirefu cha mbao iliyovunjika. Alikisimamisha kando ya kitanda chake, akaning'iniza ungo juu yake, kisha akamwita Salama. Wakakaa kitandani, machozi yakiwatoka wote wawili. Kitwana akachungulia mlangoni.

“Kinanukia nini humu?” aliuliza.

“Jikoni kwa bibi,” Salama alimjibu, akasogea ili na yeye apate pa kukaa.