Mshindi wa Kuachiwa

Kila mchana Profesa aliacha meza yake ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, akavuka barabara na bakuli lake la chakula, akaingia duka la miwani na kupitiliza hadi chumba cha nyuma. Humo ndimo mchumba wake, Fundi, alimosaga vioo vya miwani kwenye mashine yenye kurusha maji. Wakila, wanacheza mchezo wao wa simu: herufi saba, utoe maneno ya Kiingereza, marefu yana pointi nyingi. Fundi hujaza majibu yake asubuhi, Profesa hujaza palepale huku anatafuna, kisha wanafungua matokeo. Mshindi ni Profesa, siku zote. Hata hilo jina la Profesa alibatizwa na Fundi.

Siku hiyo simu ya Profesa iliisha chaji kabla hajaandika hata neno moja.

"Tumia yangu," Fundi alimwambia bila kugeuka. "Mikono yangu imelowa. Ingia tu kwa jina lako."

Akaichukua. Ukurasa uliokuwa wazi haukuwa wa mchezo. Juu palikuwa na herufi za siku ile, A, E, G, N, R, D, T, na chini yake tovuti ilikuwa imemwaga kila neno linalotoka humo: garden, danger, garnet, dragnet.

"Kumbe unaiba," alisema, akitaka kucheka. "Unaiba na bado unashindwa? Mwizi gani wewe?"

Mashine ikazimwa. Fundi hakucheka. Profesa akaufungua mchezo, akaona majibu ambayo Fundi alishayatuma: red, tea, net, get.

"Maneno yote unayo hapa," alisema polepole, "halafu unaandika haya ya mtoto wa chekechea. Hukuyatafuta uyaandike. Uliyatafuta ujue ya kuyakwepa."

"Naomba simu yangu."

"Tangu lini?"

"Profesa, chakula kinapoa."

"Usiniite hilo jina. Nimekuuliza, tangu lini?"

"Muda," Fundi alijibu akijifuta mikono kwenye aproni. "Muda mrefu."

Profesa akaweka bakuli chini. Jumamosi iliyopita, kwa sababu ya ushindi huu, alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya maneno ya wafanyakazi wa mtaa mzima. Alikuwa wa mwisho. Tangu hapo, kila mgonjwa akichelewa kuitwa, daktari wake huchungulia mlangoni na kuuliza kama profesa wa Kiingereza amesahau na kuhesabu.

"Jumamosi ulikaa kiti cha mbele," alisema. "Ulijua naenda kuumbuka, ukakaa, ukapiga makofi."

"Nilikwambia usijiandikishe."

"Uliniambia ukumbi utakuwa na joto. Huko ndiko kunionya?"

"Nilikosa namna ya kusema."

"Ungesema hivi: mchumba wangu, wewe ni mjinga, mimi nakubembeleza tu. Maneno machache, wala hayahitaji tovuti."

"Sijawahi kukuona mjinga."

"Mtu hamwachii ushindi mwenzake anayemheshimu. Anayeachiwa ni mtoto, anayeachiwa ni mgonjwa. Mimi naumwa nini?"

Mama mwenye duka akapitisha kichwa mlangoni, miwani mbili juu ya nywele na ya tatu puani.

"Wanangu, nina mteja hapa napima macho, lakini naona anapimwa masikio. Punguzeni."

"Samahani, mama," walijibu kwa pamoja, wakachukizwa na kujibu kwa pamoja.

Mama alipoondoka, Profesa alivua pete yake ya uchumba na kuiweka juu ya meza, katikati ya vumbi jeupe la vioo.

"Mwezi ujao nifunge ndoa na mtu anayenidanganya kwenye mchezo?" Akavuta karatasi mbili mezani. "Kwenye makubwa itakuwaje? Lete kalamu mbili. Tucheze sasa hivi, kwenye karatasi. Nikiona umeniachia hata neno moja, pete ibaki hapo hapo."

"Na nikikushinda?"

"Utakuwa umenishinda. Au unaogopa?"

"Naogopa sana," Fundi alisema, na akavuta kiti.

Profesa akaandika herufi zilizomjia: S, T, R, E, A, M, O. Wakainama. Kwa muda kulisikika kalamu tu, na mama kule mbele akimsomesha mteja ubao wa kupimia macho. Profesa aliandika steam, stream, master, akajiona amefika. Alipoinua macho, Fundi alikuwa bado anashuka na karatasi, kichwa chini, haraka, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Wakabadilishana karatasi. Ya Fundi ilikuwa na yale ya Profesa yote, na mengine zaidi ya mara mbili. La juu kabisa lilikuwa maestro.

"Hivi ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo nilivyo."

"Una roho mbaya."

"Umesema nisikuachie." Fundi aliitazama pete, hakuigusa. "Unakumbuka tulipoanza, kabla ya uchumba? Nilikushinda wiki nzima. Halafu ukaacha kuja. Ulisema kliniki ina kazi nyingi, lakini nilikuwa nakuona kupitia dirisha la duka, umekaa pale mapokezi unakula peke yako. Uliporudi nikaapa sitashinda tena. Nimekuharibia Jumamosi yako, najua. Lakini bora unishinde wewe kila siku kuliko nikuone tena nyuma ya kioo."

Ilikuwa kweli Profesa aliacha kuja, na hakuwahi kumwambia mtu sababu. Alifuta vumbi kwenye pete kwa kidole, hakuivaa bado.

"Hukunifukuza kwa kushinda," alisema, uso ukimuwaka, macho kwenye karatasi. "Wiki ile nilikuwa nakuja na nywele nimesuka upya, gauni jipya, kila siku nikijiambia leo namwambia. Wewe ulikuwa unatazama herufi tu. Nikaona haya, nikakimbia."

"Uniambie nini?"

"Usinifanye niseme."

"Mwenzio nimesema yangu yote."

Profesa akainua macho.

"Kwamba nakupenda," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mbele kwa mteja. "Ushinde, ushindwe. Nakupenda."