Hapana ya Kwanza

"Umemkataa?" Sauti ya shangazi ilipasuka simuni mpaka binti akaisogeza mbali na sikio.

"Sijamkataa, Shangazi. Nilimwambia hapana."

"Makubwa! Na tofauti yake ni ipi?"

Mpole, ndivyo walivyomwita bwenini, aligeukia ukuta wa chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zinazungusha nguo. Wanafunzi wawili, wenyeji wa nchi ile, walikaa benchini kila mtu na simu yake, utadhani wamegombana.

"Si wewe uliyenifunza? Mwanamke haitikii mara ya kwanza kama kuku aliyetupiwa mtama."

"Nilikufunza, sikatai. Lakini sisi tulikataa huku tunachungulia dirishani kama anarudi! Haya, wako amerudi?"

Mpole akaegemea ukuta. Hakurudi. Siku ile ile alipomwomba wafunge ndoa, pale kwenye ngazi za maktaba, Injinia, kijana wa kwao aliyesomea uhandisi, alimtumia ujumbe: "Nimekuelewa. Sitakusumbua tena. Nakutakia masomo mema." Tangu hapo wakikutana bwaloni anamsalimia kwa adabu, anapita. Adabu yenyewe ndiyo iliyomchoma. Bora angemtukana. Na sasa amemaliza masomo, amepata kazi mji mwingine, kesho anaondoka.

"Hanitaki huyo, Shangazi. Anayependa hubembeleza."

"Au huko mliko watu hawabembelezi. Muulize. Kuuliza si ujinga."

Shangazi akakata simu bila kuaga, kawaida yake.

Mpole alibaki anaangalia nguo zikizunguka. Akakumbuka alipokuwa mgeni kabisa, mwalimu wake alipowaalika nyumbani. Alipopewa sahani alisema, "Asante, nimeshiba," akingoja aambiwe, "Jamani, hata kidogo." Mwalimu akatabasamu, akairudisha sahani jikoni. Hivyo tu. Aliporudi bwenini alikuwa anatafuna mkate mkavu, Injinia akamkuta, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Dada yangu, huku ukisema umeshiba, umeshiba! Hakuna wa kukushika mkono."

Kisha akamkaangia mayai. Mapenzi yao yalianzia kwenye kikaango kile.

Kumbe sahani imerudi jikoni mara ya pili.

Mlango ukafunguka. Injinia mwenyewe, na kapu la nguo. Alipomwona akarudi nyuma.

"Samahani. Nitakuja baadaye."

"Mashine yangu imeshamaliza. Ingia." Mpole akafungua mashine, akaanza kutoa nguo. "Siku ile uliniuliza mara moja tu."

"Na wewe ulinijibu."

"Kwani wewe hukukulia kwetu?"

Injinia akaweka kapu chini.

"Nilikulia. Tena nilikuja huku na kubembeleza kwangu kote. Mwaka wa kwanza nilipika, nikamkaribisha jirani, msichana wa mlango wa pili. Akasema hapana. Nikamgongea tena: jamani, kidogo tu. Nikamgongea tena. Akanishtaki kwa msimamizi wa bweni kwamba namwogopesha. Nilisimama pale na sahani yangu kama mwizi."

"Maskini! Kwa chakula tu?"

"Nilikasirika. Baadaye nikaona ana haki. Yeye alishajibu, mimi ndiye nisiyesikia. Sasa kama mtu baki nilimtisha hivyo, wewe ninayekupenda nije nikugongee mara tatu?"

Macho ya Mpole yakajaa. Ukimya aliodhani ni kukosa mapenzi, kumbe mwenzake alikuwa anamheshimu, tena kwa maumivu.

"Nilikuwa dirishani," akasema.

"Dirisha gani?"

"Nilikuwa nachungulia kama unarudi. Lakini kosa ni langu. Nilitaka, na sikusema. Leo nasema." Akavuta pumzi. "Nioe."

Alishtushwa na kinywa chake mwenyewe. Hata wale wa benchini, wasiojua neno la Kiswahili, waliinua vichwa.

Injinia aliokota soksi kutoka kapuni, akaigeuza ndani nje, taratibu.

"Hapana," akasema.

Mpole akakusanya nguo zake mbichi mikononi, shati moja likaanguka, asiliokote.

"Nimekuelewa," akasema kwa sauti ndogo. "Sitakusumbua te..."

"Wee! Unakwenda wapi?"

"Si umesema hapana?"

"Kwani mimi si mtoto wa watu? Nikubali mara ya kwanza, kwetu watasemaje? Nibembeleze kidogo!"

Taulo bichi likamtua Injinia usoni, pwaa! Akalivua, anacheka na kulia kwa pamoja, akamshika mkono.

Simu ikaita. Shangazi.

"Haya, amesemaje?"

"Amekataa, Shangazi."

"Ole wangu! Na wewe unafanya nini?"

Mpole alimtazama Injinia, maji yanamtiririka kidevuni.

"Nambembeleza."