Vioo Viwili vya Gari la Babu Teruo

Kila siku akitoka shule, Mizuho alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akamenya chungwa, kisha akafungua dirisha la sebule. Dirisha lilikuwa amri ya Babu Teruo. "Gundi ya plastiki ni tamu puani lakini inaumiza kichwa," alimwambia kabla ya kwenda hospitali. "Usiitumie dirisha likiwa limefungwa, hata kama nje kuna baridi." Basi Mizuho alikuwa akiketi sebuleni na koti lake, magazeti ya zamani yametandazwa mezani, akiunga gari.

Lilikuwa gari la plastiki la kuunganisha, dogo kama kiatu cha mtoto. Babu alilinunua ujanani, mwaka alioanza kazi ya teksi, kwa sababu lilifanana na teksi yake ya kwanza kuanzia taa za mbele hadi bampa ya nyuma. Alikusudia kuliunga siku atakayopata nafasi. Lakini dereva wa teksi nafasi ataitoa wapi? Boksi lilikaa juu ya kabati hadi Babu akastaafu, na alipostaafu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Kiwanda nacho kilikuwa kimeacha zamani kutengeneza gari la namna ile. Mwaka huu, alipoambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji wa nyonga, alilishusha boksi akamkabidhi mjukuu wake.

"Liunge wewe. Nikirudi nataka nilikute limesimama kwa magurudumu yake."

"Nikiliharibu je, Babu?"

"Utakuwa umejifunza. Ila shika neno moja. Vipande vyote vimeshikana kwenye fremu za plastiki, na vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele. Usitupe fremu hata moja mpaka gari liishe."

Mizuho alifanya kazi kwa bidii, na ni haki kumsifu. Alikata kila kipande kwa koleo dogo, akalainisha kingo kwa msasa, akajaribisha kikae vizuri kabla ya kutia gundi. Stika za namba, za aina inayolowekwa majini kabla ya kubandikwa, zilikuwa zimezeeka na kuwa za manjano, na angezitia majini hivihivi zingevunjikavunjika. Kwa hiyo alikwenda kwanza kumwuliza Mzee Mochizuki mwenye duka la vitu vya kuchezea, akafundishwa kuzipaka vanishi ya kuzishikamanisha, ndipo akazibandika moja moja. Hata Mama, ambaye hakujua tofauti ya bampa na boneti, alisimama akatazama akasema, "Mwanangu, una mikono ya babu yako ya zamani."

Pengine sifa hizo ndizo zilizomponza. Jumatano jioni Mama alimwambia asafishe meza ili wale. Mizuho alitaka meza ing'ae kama kazi yake ilivyong'aa. Aliona fremu zimelala pale, nyingi zikiwa tupu, akazikunja zote akazitia kwenye mfuko wa taka za plastiki, pamoja na vikombe vya mtindi na karatasi za biskuti. Asubuhi yake, akienda shule, aliuweka mfuko ule kwenye kituo cha taka cha mtaa, chini ya wavu unaozuia kunguru.

Alhamisi jioni alifungua karatasi ya maelekezo kwenye hatua ya mwisho. Zilikuwa zimebaki kazi mbili tu: kufunga bampa ya nyuma, na kubandika vioo viwili vya pembeni juu ya boneti, karibu na taa. Bampa aliifunga. Vioo akavitafuta ndani ya boksi, chini ya meza, chini ya zulia na hata ndani ya viatu vyake. Halafu akakumbuka fremu moja yenye rangi ya fedha iliyokuwa na kitu kidogo kwenye pembe, akakumbuka na mfuko wa taka.

Simu ililia wakati ule ule. Babu alipiga kila jioni baada ya chakula cha hospitali, ambacho alidai hakina chumvi wala huruma.

"Vipi, fundi? Jumapili narudi. Teksi yangu iko tayari?"

"Iko karibu, Babu. Ila vioo vya pembeni havipo."

"Havipo vipi?"

"Havikuwemo. Nadhani hawakuviweka kwenye boksi."

"Ajabu," alisema Babu. "Haya, si neno. Gari bila vioo litaendeshwa polepole." Akacheka, wakaagana.

Mizuho alirudisha simu mahali pake, akajiambia kwamba mambo yameisha. Hakuna aliyegombezwa, hakuna aliyelia, na viwandani watu hukosea kila siku. Lakini wahenga walikwisha sema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi sana, kwa maana duka la Mzee Mochizuki, lililouza boksi lile, lilikuwa mtaa wa pili tu.

Ijumaa jioni, Mama akiwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kiwanda cha chai, hodi ilisikika. Mama alifungua, akamkuta Mzee Mochizuki bado amevaa aproni yake ya dukani, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha buluu. Mizuho alipoisikia sauti yake alirudi nyuma hadi jikoni, akabaki kuchungulia.

Mzee aliingia sebuleni, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likakaribia sakafu.

"Mama Mizuho, nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya duka letu na ya marehemu baba yangu."

"Radhi ya nini tena, Mzee? Inuka, tafadhali."

"Teruo alinipigia simu jana kutoka hospitali. Kumbe boksi tulilomuuzia halikuwa na vioo. Alikuwa ananitania tu, unamjua alivyo. Aliniambia, 'Mochizuki, kumbe miaka yote hii umeniacha niendeshe bila vioo.' Yeye alicheka. Mimi sikucheka."

"Jambo la zamani hivyo, Mzee, nani atakulaumu?"

"Ninajilaumu mwenyewe. Siku ile kwenye kaunta nilikuwa mimi. Desturi ya baba ilikuwa kufungua boksi mbele ya mnunuzi na kukagua kila kipande. Nilimwambia Teruo kwamba vipo vyote. Kwa hiyo sikukagua, nikasema nimekagua. Au nilikagua kama kipofu. Usiku kucha nimejiuliza ni lipi kati ya hayo, na sikumbuki."

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na boksi lingine lenye picha ya gari lile lile, bado limefunikwa kwa nailoni ya kiwandani. Mama alilitambua mara moja, na Mizuho pia. Kila mtu wa mji wa Minowa alilijua. Liliketi kwenye rafu ya juu dukani, nyuma ya kaunta. Watu walikuja kutoka Tokyo kulililia, na wote walijibiwa kwamba baba yake Mochizuki aliliacha liwe kumbukumbu, na kumbukumbu haiuzwi.

"Mzee, hili usilifungue," Mama alisema. "Babu yake Mizuho mwenyewe atakataa."

"Ndiyo maana nimekuja kabla hajarudi." Mzee alitoa kisu kidogo kwenye mfuko wa aproni. "Likishafunguliwa litakuwa boksi kama maboksi mengine. Lakini baba yangu angependa rafu tupu kuliko mteja aliyepunjwa."

Aliweka ncha ya kisu kwenye ukingo wa nailoni.

Mizuho aliona kisu, kisha akaona uso wa Mzee Mochizuki. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Alijua kwamba akikaa kimya kwa kitambo kidogo tu, atapata vioo vyake, gari litakamilika, na hakuna binadamu atakayejua. Miguu ilitaka kubaki pale jikoni. Aliilazimisha kutoka.

"Mzee, usikate."

Wote wawili waligeuka.

"Vioo vilikuwemo. Niliviona siku niliyofungua boksi. Mimi ndiye niliyevitupa na fremu, halafu nikamwambia Babu havikuwemo. Wewe hukukosea kitu."

"Mizuho," aliita Mama kwa sauti ndogo. Sauti ndogo ya Mama ilikuwa mbaya kuliko makelele ya mama wengine.

Mizuho aliinama, akangoja kugombezwa. Mzee Mochizuki alirudisha kisu mfukoni bila haraka.

"Vilikuwemo," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Vyote viwili."

"Vilikuwemo," alirudia. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, akatoa leso akafuta macho huku anacheka. "Mama Mizuho, naomba chai. Tangu jana nakunywa chai haina ladha."

Mama alimletea chai, naye aliinywa yote kabla ya kusema tena. Kisha akamgeukia Mizuho. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimtia Mizuho aibu zaidi.

"Hebu niambie. Hizo fremu ulizitia mfuko gani?"

"Wa plastiki."

"Pamoja na nini?"

"Vikombe vya mtindi. Na karatasi za biskuti."

Mzee na Mama walitazamana. Huko Minowa mtu husamehewa akichelewa harusini, lakini si akichanganya taka. Mfuko ule ulikuwa wa vifungashio tu. Vitu vya kuchezea na mabaki yake vina siku nyingine, na wabeba taka wakikuta vimechanganywa hubandika karatasi nyekundu, wakauacha mfuko pale pale.

"Hawakuuchukua," alisema Mama, akaanza kuvaa koti.

Kituoni hapakuwa na mfuko wowote, wavu ulikuwa umekunjwa. Lakini Mama alimwongoza Mizuho hadi nyumba ya jirani ya Bi Oguri, aliyekuwa msimamizi wa taka wa mtaa mwaka ule, kazi aliyoifanya kama jaji. Mfuko ulikuwa umesimama barazani kwake, na karatasi nyekundu kifuani.

"Huu?" Bi Oguri alisema. "Tangu jana nazunguka nao nyumba kwa nyumba, kila mtu anajifanya hamnazo. Kwenu nilibisha, hapakuwa na mtu."

Mizuho akasogea mbele.

"Ni wangu, Bi Oguri. Mimi ndiye niliyechanganya. Naomba unisamehe."

Bi Oguri alimtazama juu hadi chini. "Darasa la sita, hesabu unapata vizuri, na huwezi kutofautisha mabaki ya gari la kuchezea na kikombe cha mtindi?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haya, chukua. Afadhali umesema mwenyewe. Nilishaanza kumshuku Bwana Naruse wa pale kona, na masikini ya Mungu, mtindi wenyewe hali."

Walimwaga taka juu ya magazeti sebuleni, dirisha wazi, wote watatu wamepiga magoti. Mzee Mochizuki alivaa miwani yake ya dukani. Mizuho aliichambua fremu ya kwanza, ilikuwa tupu, na ya pili pia. Ya tatu ilikuwa imenata mtindi wa stroberi, na chini ya mtindi ule, kwenye pembe, vilikaa vioo viwili vidogo vya rangi ya fedha, bado vimeshika fremu, havina hata mkwaruzo.

Mizuho alitaka kusema kitu, badala yake akalia. Mama alimshika bega. Mzee alivisuuza vioo kwa maji ya uvuguvugu, akavikausha kwa leso ile ile, akamwekea kiganjani.

"Sasa mpigie babu yako," Mama alisema. "Mimi sitakusemea."

Alipiga. Alieleza yote tangu meza hadi mtindi, bila kujitetea. Upande wa pili Babu alisikiliza bila utani, na mwishoni alisema tu, "Tutazungumza nikifika. Nipe Mochizuki." Hayo hayakuwa maneno ya kumfurahisha mtu, hata hivyo usiku ule Mizuho alilala usingizi mzito.

Jumapili Babu Teruo alirudi na magongo mawili. Aliketishwa mezani, akalivuta gari karibu, akalitazama kwa muda mrefu mbele na nyuma. Mizuho alikuwa amelimaliza lote isipokuwa vioo, ambavyo aliviweka kwenye kisahani.

"Kwa nini hujavibandika?"

"Nilitaka kwanza unigombeze, Babu."

Babu alikohoa, na Mizuho hakujua kama alikuwa anaficha kicheko. "Vibandike."

Alivibandika kwa kibanio, kimoja kimoja, huku Babu amezuia pumzi pamoja naye. Gundi iliposhika, Babu alisema:

"Kutupa fremu si kosa kubwa. Kwa macho yangu haya mimi ningetupa na gari zima. Kosa lako ni kwamba ulipolemewa na mzigo wako, uliutua mgongoni kwa mtu ambaye hakuwepo kujitetea. Ulidhani ni mtu wa kiwandani tu, mtu asiye na uso. Kumbe alikuwa Mochizuki, na alikesha usiku kucha akijiuliza kama yeye ni mwongo. Kipande cha plastiki kikipotea tunakitafuta, hata takani. Jina jema la mtu likipotea, mjukuu wangu, hakuna mfuko tutakaoufungua tukalikuta."

"Nimesikia, Babu. Sitarudia."

"Najua. Ungekuwa wa kurudia, ungekiacha kile kisu kikate. Mtu akiusema ukweli wakati uongo ungemfaa, huyo ninaweza kumwachia hata teksi ya kweli." Akamwekea mkono kichwani, mkono unaotetemeka, akauacha pale.

Hodi ikasikika. Alikuwa Mzee Mochizuki, aliyealikwa chakula cha mchana. Mama aliinuka, lakini Mizuho alikuwa ameshafika mlangoni, na alipofungua alimtazama Mzee usoni, akamkaribisha.