Mayai ya Dakta Karadzhova

Yai la siku tano halina mdomo wala pafu, na Dakta Nevyana Karadzhova alilijua hilo kama alivyolijua jina la baba yake. Kwa hiyo aliposikia yai likilia ndani ya mashine ya kuangulia, alidhani ni bawaba ya mlango.

"Si bawaba," alisema Rangel Mitkov, msaidizi wake. "Nimeitia mafuta juzi. Labda yai limekuja kudai haki zake."

"Basi lingoje zamu yake. Lete sindano."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Katika chumba cha chini cha taasisi moja mjini Plovdiv, Nevyana alitoboa mayai, akayatia vitamini A kwa sindano, akaziba tundu kwa nta. Baadaye aliyavunja aone lipi limekosa jicho na lipi limeunganisha miguu. Alitaka kujua kipimo kinachomjenga mtoto tumboni na kile kinachomharibu. Kwa miaka mingi alikuwa ameua viumbe kabla hawajazaliwa, na hakupoteza usingizi hata siku moja. Sasa, mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, baada ya mimba mbili kuharibika, yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi sita.

Harufu ikafuata: maziwa ya mama yaliyoanza kuchacha. Kila yai lilipolia, mtoto wa Nevyana alipiga teke, kana kwamba anaitika. Likalia la pili, likalia la tatu. Trei nzima ilipolia pamoja, mtoto akaacha kucheza.

Asubuhi iliyofuata daktari wa uzazi alisema moyo wa mtoto unapiga, ila umelegea. Akamwambia asubiri.

Nevyana hakusubiri. Adhuhuri ya siku hiyo alizima taa za chumba, akashika yai moja na kulimulika kwa kurunzi ndogo ya kazi, akaona mishipa myekundu kama siku zote, na katikati ya mishipa, pale alipotazamia doa la jicho la kifaranga, akaona uso wa mtoto mchanga, mdogo kama kunde, umefumba macho na unanyonya, na alipotaka kulirudisha yai vidole vyake vikakataa kuliachia, na ule uso ukageuka polepole kuelekea mwangani, ukafumbua macho, ukamtazama yeye, kisha ukateremsha macho hadi tumboni kwake, ukatabasamu.

Rangel akamleta bibi yake, Bi Stoyna, mganga wa kijijini.

"Usinicheke, Daktari," alisema Rangel.

"Tangu lini umeniona nacheka?"

Bi Stoyna alitema mate mlangoni kabla ya kuingia. "Navi," alinong'ona. "Watoto waliokufa bila ubatizo. Hawana jina, hawana pa kwenda. Umewapangishia vyumba vyenye joto, mwanangu, na kifaranga mwenye chumba umemwua."

"Wanataka nini kwangu?"

"Wazaliwe. Na tumbo humu ni moja tu."

Nevyana akajishika tumbo. "Nifanyeje, bibi?"

"Waite. Anayeitwa kwa jina lake huondoka, ndiyo sheria yao. Usinyamaze mpaka wanyamaze wao."

Nevyana akaangua ukutani kalenda ya watakatifu, akaanza kusoma. Spiridon. Petka. Haralampi. Kila yai lililopewa jina lilishusha pumzi, likapoa. Likabaki moja. Akamaliza kalenda, Rangel akaongeza majina ya wajomba zake na ya mbwa wao, na yai likazidi kulia, na kilio kile hakikutoka tena kwenye trei bali karibu na shingo ya Nevyana, kisha kifuani, kikishuka, huku tumbo likiwa baridi na gumu kama jiwe la mto, hata akahisi mwanawe anamponyoka kama wale wawili wa kwanza, na kinywa chake kikatoa jina la mwisho alilokuwa nalo.

"Kalina."

Chumba kikawa kimya. Rangel alilishika lile yai, akalivunja. Ganda tupu.

"Limekwenda," alisema.

Bi Stoyna hakufurahi. "Jina hilo halimo kwenye kalenda. Umelitoa wapi?"

"Ni la binti yangu. Namwita hivyo tangu mimba ilipofika miezi mitatu."

"Mtoto haitwi jina kabla hajazaliwa. Mama yako hakukufundisha?"

"Huo ni ushirikina, bibi."

Kikongwe akaketi sakafuni, polepole, kama mtu aliyefika msibani. "Kalina alikuwa mmoja tu humu ndani, mwanangu. Nani umemwambia aondoke?"

Tumboni kitu kikapiga teke, kwa nguvu, kwa afya. Kisha, chini ya koti jeupe, kikalia.

Kesho yake daktari wa uzazi aliusikiliza moyo kwa muda mrefu, akafurahi.

"Hongera, mama," alisema. "Mtoto amechangamka."