Dirisha Lililouliza Maswali

Kila siku aliporudi kutoka shule, Profesa alivua viatu mlangoni, akafua soksi zake na kuzianika, kisha akala haraka haraka ili aiwahi kompyuta ya mezani kabla babu yake hajaikalia. Babu akishakaa pale kucheza karata, hainuki mtu. Alibofya kipanya kwa nguvu kama anayeua kunguni.

Profesa halikuwa jina lake. Wanafunzi wenzake walimbandika jina hilo siku alipoiwasha projekta iliyomgomea mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima. Ukweli ni kwamba waya ulikuwa umechomoka, naye akauchomeka tu. Lakini jina lilinata. Tangu siku hiyo, kompyuta yoyote ikikwama aliitwa yeye, na taratibu akaanza kuona haya kusema, "Sijui."

Mama mdogo, aliyeishi nao, alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta. Yeye na wenzake walikuwa wamebuni lugha ya kompyuta iitwayo Tunga. Uliandika amri kwa maneno ya kawaida, kama vile "nenda mbele" au "geuka kulia," na kompyuta ikakuchorea picha au ikakutengenezea mchezo. Waliokwisha kuizoea waliisifu sana. Tabu ilikuwa kuisakinisha, yaani kuiingiza kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza. Watu wa kawaida walijaribu, wakazungushwa, wakachoka, wakaacha.

"Tumetengeneza njia mpya ya kuisakinisha," mama mdogo alisema jioni moja, akimkabidhi Profesa flashi. "Jumatatu tunaitoa kwa watu wote. Nataka wewe uijaribu kwanza. Sitakusaidia, wala sitakuchungulia. Nipo jikoni. Ukikwama, niambie tu umekwama wapi. Sawa, mwanangu?"

"Hilo dogo, mama mdogo," Profesa akajibu.

Alichomeka flashi, akabofya. Dirisha likafunguka kwenye skrini na kumwonya: "Programu hii haitambuliki. Una uhakika unataka kuendelea?"

Profesa alisita. Kama kompyuta yenyewe haiitambui, yeye ataitambuaje? Akabofya "Ndiyo" huku amefumba jicho moja. Dirisha likamuuliza kama kompyuta yake ni ya biti thelathini na mbili au sitini na nne. Aliinama akachungulia nyuma ya kompyuta, labda jibu limeandikwa huko. Alikuta vumbi na buibui. Akachagua sitini na nne, maana kubwa ni kubwa.

Swali lililofuata lilikuwa hili: "Je, Tunga iongezwe kwenye njia ya mfumo?"

Njia? Njia ya kwenda wapi? Na mfumo upi? Alilisoma tena polepole. Neno moja moja alilijua, lakini yakikaa pamoja yalikuwa kama watu waliogombana. Alibofya "Hapana," akaingiwa na wasiwasi, akarudi nyuma, akabofya "Ndiyo." Ghafla dirisha jeusi likachomoza, likaandika mistari mingi kwa kasi, kisha likatoweka. Baada ya hapo, kimya.

"Sasa imeingia au haijaingia?" Profesa alijiuliza.

Alianza upya. Dirisha jeusi likapita tena mbio kama mwizi. Kichwa kikamzunguka. Alifungua hiki, akafunga kile, mwishowe hakujua tena alichofungua wala alichofunga. Ndipo alipoiona, katikati ya michezo ya babu, alama ndogo yenye jina Tunga. Aliibofya, ikafunguka. Aliandika amri, na nyota ikajichora.

Hata hivyo, badala ya kufurahi, alizidi kuchanganyikiwa. Alama ile ilikuwepo jana? Ni Tunga aliyoisakinisha yeye sasa hivi, au ni ya zamani ambayo mama mdogo aliwahi kuiweka kwa mkono wake? Hakuwa na hakika hata kidogo.

Mama mdogo alitokea mlangoni akifuta mikono. Alipoiona nyota alipiga makofi. "Imekubali?"

Profesa aliitazama nyota. "Imekubali," alisema. "Rahisi tu."

"Hukukwama popote?"

"Sikukwama popote."

Jumamosi mama mdogo aliwaalika majirani wawili waje na kompyuta zao. Mmoja alikuwa msusi mwenye saluni mtaa wa pili, ambaye alitaka kuchora mitindo ya nywele wateja wachague. Wa pili alikuwa mwuza dawa, aliyetaka kuwatengenezea wanawe mchezo. Babu alisogeza kiti chake karibu, akisema amekuja kusimamia.

Haikuchukua muda. Mwuza dawa aliinua mikono. "Dirisha jeusi limekuja na kuondoka. Mashine yangu imezimia, au nimeiua?"

"Na langu limepita," alisema msusi. "Nilipoulizwa njia nilichagua hapana. Nilidhani naambiwa nisafiri."

Mama mdogo alikunja uso. Alikagua kompyuta ya huyu, akakagua ya yule, akaizima moja na kuiwasha. Labda ya mwuza dawa imezeeka? Labda ya msusi imejaa picha? Alijibu swali moja, yakazaliwa mengine. "Sielewi kabisa," alinong'ona. "Haiwezekani. Profesa alifanya peke yake na ikakubali mara moja!"

Msusi alisikia. Aliifunga kompyuta yake taratibu na kuitia mkobani. "Basi tatizo ni mimi," alisema akicheka. "Mtoto ameweza, mimi mtu mzima nimeshindwa. Vitu hivi si vya watu kama sisi. Acha nirudi kwenye nywele zangu."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Profesa aliyatazama. Ile ndiyo aibu aliyoikwepa yeye, na sasa imemwangukia mtu mwingine.

"Anti, usiondoke," alisema. "Hata mimi sikuweza."

Profesa alieleza yote: njia, biti, dirisha jeusi na nyota. "Sikujua kama imeingia au haijaingia, mama mdogo. Mpaka sasa sijui."

Mama mdogo aliiendea kompyuta ya mezani, akatazama kwa muda mfupi, akashusha pumzi. "Ni ile ya zamani," alisema. "Mpya haikuingia kamwe. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Wananiita Profesa."

Babu aliangua kicheko mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, mimi kazini waliniita Injinia, na nilikuwa nauza tiketi!"

Mama mdogo hakucheka. "Jumatatu ningeitoa," alisema. "Watu wangapi wangefunga kompyuta zao na kujiita wajinga kama Anti alivyofanya sasa hivi? Kosa ni letu sisi tuliouliza maswali yasiyojibika, nawe ulikuwa umeshaliona. Haya, kaa hapa. Anza upya, na kila usipoelewa useme kwa sauti."

Aliifuta Tunga ya zamani. Profesa akakaa. "Hapa sielewi," alisema kwenye onyo. "Na hapa sielewi. Na hii njia ya mfumo, sielewi hata kinachoulizwa."

"Njia ya mfumo ni pale ambapo kompyuta..." mama mdogo alianza.

Babu aliinua kidole. "Usimweleze, binti yangu. Utahamia nyumba ya kila mtu ukawaeleze?"

Mama mdogo alichukua kalamu, akaanza kuandika kila mahali Profesa alipokwama.

Jumatatu ilipita na Tunga haikutolewa. Wenzake mama mdogo walinuna kidogo, kisha wakaingia kazini. Swali la biti liliondolewa, kwa sababu kompyuta yenyewe inajua ni ya aina gani. La njia nalo likaondolewa, programu ikaachiwa ijipange yenyewe. Dirisha jeusi likafichwa. Walifuata taratibu za kuisajili programu ili kompyuta iitambue na isimtishe mtu. Kila jioni Profesa alijaribu upya, na kila jioni alipata pa kukwama.

"Hata hapo?" mama mdogo aliuliza siku moja, uvumilivu ukimwishia.

"Hata hapo, mama mdogo."

Hatimaye walikwenda saluni. Msusi alikuwa amemsuka mteja nusu kichwa. Mwanzoni alikataa. "Nisije nikajiaibisha tena mbele za watu."

"Ukikwama, tutakaoaibika ni sisi," alisema mama mdogo.

Msusi alikishika kipanya kwa mkono mmoja, kitana kikiwa mkono wa pili. Alibofya. Dirisha likasema, "Subiri kidogo." Kisha likasema, "Tunga iko tayari. Bofya hapa uanze." Alibofya tena, akaandika amri alizoelekezwa na dirisha lenyewe, na mistari ikaanza kujipinda kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, hadi ikawa ua.

Mteja aligeuza shingo, nusu ya nywele zikiwa zimesimama. "Nataka hivyo hivyo! Fumua, tuanze upya!"

Saluni nzima ilicheka, na safari hii macho ya msusi yalicheka pia.

Mama mdogo alimvuta Profesa karibu yake kwenye benchi. "Unaona, mwanangu? Kutojua si aibu. Mtu anayekanyaga shimo akanyamaza, anamwacha mwenzake aje atumbukie palepale. Anayesema 'hapa pana shimo' ndiye anayesababisha lizibwe. Neno lako 'sielewi' limetusaidia kuliko sifa zote tulizowahi kupewa."

Msusi aligeuka kutoka kwenye skrini. "Profesa, hebu nisaidie. Hii amri 'rudia' inafanya nini hasa?"

Profesa alifungua mdomo kujibu upesi, kama alivyozoea. Kisha akatabasamu.

"Sijui vizuri, Anti," alisema, akivuta kiti. "Tuiandike tuone."